Mwongo wa Adabu

Mama,

Mwakeye. Najua ni alasiri na salamu ya asubuhi imeshapitwa. Lakini ndiyo salamu niliyokukosea nayo, kwa hiyo ngoja nianze nayo.

Nimekaa palepale, kwenye gogo langu nje ya ukuta wa jiko lako hapa Busunzu, mgongo kwenye udongo. Upande wa pili ndiko ulikokuwa ukikaa wewe, ungo mapajani, unachambua maharage. Miaka tisa tumeongea hivyo, mkwe na mama mkwe, kila mmoja akimsikia mwenzake bila kumwona. Baba yangu kule Titye alinifundisha kwamba mama wa mke hatazamwi usoni, huli mbele yake, wala mkono humpi, na mimi nikalishika somo kumpita mwalimu. Leo nilipofika nilikohoa, kama nilivyokuwa nakohoa kukujulisha kwamba nipo. Nikakohoa tena. Halafu nikaona haya, mtu mzima nakohoa na ukuta, nikatoa daftari.

Nimekukumbuka, mama. Nalisema wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka isipokuwa kuku wako, na wao walishanizoea.

Habari za huku ni hizi. Paa la jiko linavuja upande wa mafiga. Shemeji Gaspari ameahidi kuja kutoka mgodini kulitengeneza, na hiyo ni ahadi ya tatu sasa. Zile mbegu zako za maharage ya madoadoa mekundu, mwanao Editha amezipanda kwetu Kasulu na zimeota vizuri, ila anasema haziivi kama zilivyokuwa zikiiva hapa. Mjukuu wako wa mwisho, somo yako Leokadia, anarudia kila neno analolisikia, kwa hiyo pale kwenye karakana yangu ya baiskeli nimepunguza maneno. Akiona mwanamke mwembamba amejitanda kitenge cha njano anakimbia akiita bibi. Anamfikia, anamtazama usoni, anarudi polepole. Mimi hapo hujifanya natafuta spana.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Unakumbuka mwaka ule wa 2013, tulipokwenda kwenye ile hospitali ya rufaa. Mimi sikuwa mtu wa kukupeleka. Ulikuwa umeona damu chooni mwaka mzima na hukumwambia mtu. Uliweka kopo la majivu pale mlangoni mwa choo, ukimaliza unamwaga majivu juu yake, sisi tukadhani ni usafi, tukakusifu. Mpaka ulipoanguka shambani. Wa kukupeleka alikuwa Editha, lakini alikuwa na mimba ya miezi minane, na barabara ya kutoka Kibondo wakati ule ingemzalisha njiani. Gaspari alikuwa chini ya ardhi, simu haipatikani. Nikabaki mimi, fundi baiskeli. Siku nzima na nusu ndani ya mabasi, wewe kiti cha dirishani, mimi kiti cha nyuma yako ili tusigusane mabega. Abiria walidhani tumegombana.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Akasema ni kansa, ipo kwenye utumbo mpana, lakini bado inakatika. Tena hatapasua tumbo lote kama zamani. Atatoboa matundu manne madogo, aingize kamera na vyuma vyembamba, akate kipande kibovu na kuunga pande mbili zilizobaki, halafu kile kipande akitoe kwa mlango usiozidi urefu wa kiberiti. Nikaelewa mara moja: ni kama kuziba mpira bila kung'oa gurudumu zima. Nilipokueleza hivyo kwa Kiha ukasema, "Basi mwambie asiniache na pancha." Nilicheka peke yangu koridoni mpaka mlinzi akaja kunitazama.

Kila kitu nilikueleza kwa Kiha, kwa sababu wewe na Kiswahili mlikuwa hamsalimiani. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Walikufanyia upasuaji Jumanne. Jumatano wakakusimamisha. Siku moja tu baada ya kukatwa utumbo, nikakuona unatembea kati ya vitanda umeshika tumbo, hatua sita kwenda na sita kurudi, na gauni la hospitali halifungi vizuri nyuma. Niligeuka nikatazama ukuta mpaka ukamaliza.

Daktari alikuwa ameshaniambia la kungoja. Utumbo ukishikwashikwa, alisema, hulala. Ukiamka, hewa hutoka. Kabla hewa haijatoka ni maji kidogokidogo tu, chakula kinangoja. Nikaitikia kama mtu mwenye akili.

Alhamisi asubuhi madaktari wakapita. Ndugu wote walitolewa nje, mimi nikaachwa kwa ajili ya lugha. Yule sista mnene, mwenye sauti kama ya mpiga debe, akaja kitandani na faili lako, akaniambia, "Mwulize mama kama ameshajamba."

Mama, kwa Kiha neno hilo ninalo. Ninalo tangu utoto, nilishapigwa kofi kwa ajili yake. Lakini kulitoa mdomoni mwangu na kulitia masikioni mwa mama aliyenizalia mke, mbele ya watu wenye makoti meupe, masikio yaliniwaka moto. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama tunavyosalimu wakubwa, nikasema, "Mwakeye, mama. Umeamkaje?" Ukajibu kwamba umeamka salama. Nikasimama, nikamwambia sista, "Ndiyo, ameshatoa."

Hivyo tu. Ilikuwa kazi ya muda wa kufunga nati moja.

Saa nne wakaleta uji. Ulishika kikombe, ukanitazama. Katika miaka yote hiyo hukuwahi kunitazama hivyo, macho kwa macho. Kisha ukanywa mpaka mwisho. Nilifurahi, mama. Nilidhani ni njaa.

Jioni tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma. Ulitapika mpaka ukaishiwa nguvu, ukalia, na mimi sikuwa nimewahi kusikia sauti yako ikilia. Wakakupitishia mpira puani kwenda tumboni. Daktari akasimama miguuni mwa kitanda, akauliza nani alisema mgonjwa ametoa hewa. Sista akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ukasema kwa Kiha, na mpira huo puani, "Ni mimi." Na mimi, Mungu anisamehe, nikatafsiri kwa sauti nzuri kabisa: "Anasema ni yeye."

Ulikaa na ule mpira siku nne. Siku nne nililala kwenye baraza la nje na wasindikizaji wengine, na kila aliyeniuliza hali ya mgonjwa nilimwambia tunamshukuru Mungu, na moyoni najua ni nani wa kulaumiwa. Siku ya nne sista alitoka wodini mbio, akapaza sauti mbele ya watu wote, "Baba wa Kasulu! Mama kajamba!" Watu wakanipongeza, mzee mmoja akanipa mkono. Juma hilohilo simu ikaja kwamba Editha amejifungua mtoto wa kike, na kusema kweli pongezi zilikuwa sawasawa.

Kurudi, tulikaa kiti kimoja. Ulikumbatia kitenge kilichokunjwa, ukakikandamiza tumboni kwa ajili ya mashimo ya barabara. Tulipopita Nyakanazi usingizi ukakuchukua na kichwa kikaangukia begani kwangu. Sikusogea mpaka Kibondo. Bega lilikufa ganzi, na baba yangu angekuwepo angenipiga. Nilitaka kukwambia pale. Nilisema moyoni, akiamka nitamwambia. Ukaamka, ukajiweka sawa haraka, ukauliza kama tumefika, nikasema bado kidogo.

Halafu ukapona, mama, na ulivyopona ndivyo vilivyonifunga mdomo. Wanawake wa Busunzu walikuja kukuona, nami nikiwa kwenye gogo hili nikawasikia. Ulifunua tumbo kuwaonyesha, wakanung'unika. Mmoja akasema, "Hivi tu? Hii si umeumwa na nyuki?" Mwingine akasema nimekutembeza mjini na kukurudisha. Kwao aliyepasuliwa ana kovu la kutoka hapa hadi pale, hawezi kusimama miezi. Na wewe ukaanza kuwaamini! Wiki ya tatu nimekuja na dawa, nakuta uko shambani na jembe. Daktari alisema miezi mitatu hakuna jembe, hakuna ndoo, hakuna mtoto mgongoni, kwamba nje kumefunga lakini ndani bado kunaunga. Nilikasirika mpaka nikasahau adabu. Niling'oa mpini kwenye jembe lako nikapanda nao basi kurudi Kasulu, watu wananiuliza kama nauza mipini, mmoja tu.

Ulinidai mpini wako miezi mitatu kamili. Nikikohoa hapa nje, hata kabla ya salamu, "Umeuleta?" Siku nilipouleta uliupokea mlangoni, uso umeugeuzia pembeni, ukasema, "Mwizi hodari hurudisha." Msimu ule ulilima mwenyewe. Ulikula ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha mawese, ukaongezeka mwili, ukaenda kanisani kwa miguu yako na kurudi. Miaka miwili. Kila nilipokuja nilikaa hapa na lile neno, na kila mara nilisema, mtu mzima wa afya namkumbushia nini mambo ya uji? Nitamwambia siku nyingine. Tukaongea habari za mvua na za bei ya maharage.

Mwaka huu macho yako yakawa ya njano. Nikajua siku nyingine zimekwisha. Kansa ilikuwa imehamia kwenye ini, na daktari alisema kwa upole kwamba sasa ni kutuliza maumivu tu. Ulilala nyumbani kwetu Kasulu wiki saba. Hata hapo sikusema. Nilikuja mlangoni asubuhi, nikachuchumaa, "Mwakeye, mama," ukajibu umeamka salama. Asubuhi ya mwisho hukujibu.

Baada ya matanga nilirudi kule hospitali. Editha alidhani nimekwenda kurudisha karatasi zako. Nilikwenda kuuliza. Nilimkuta daktari yuleyule, nikamwambia yote, kuanzia lile neno nisiloweza kulitamka mpaka uji. Nikamwuliza kama ni mimi niliyekuua. Alinisikiliza bila kucheka. Akasema uji ulikuumiza na kukuchelewesha siku nne, lakini haukuirudisha kansa. Akasema utumbo wa wengine hulala hivyo hata bila uji. Ile chembe iliyokwenda kwenye ini ilikuwa pengine imeshatoka siku ulipokuwa unamwaga majivu. Akasema kilichokuua ni ule mwaka wa kunyamaza.

Halafu akaniuliza kama una watoto. Nikasema wawili. Akasema wote wawili wapimwe, kwa sababu kansa hii wakati mwingine hutembea na damu ya ukoo, na ikiwahiwa huondolewa ikiwa kinyama kidogo tu. Gaspari nilimpata kwenye simu, akasema ataomba ruhusa. Editha nilimwambia mezani. Akasema, "Mimi sina kitu," akaanza kuondoa vyombo na nilikuwa sijamaliza kula.

Wiki tatu zilizopita nikaenda chooni kwetu asubuhi nikakuta kopo la majivu.

Mama, niliangalia lile kopo mpaka watu wa karakana wakaniita. Choo chetu hakina harufu, nilikijenga mwenyewe na bomba refu. Nikarudi ndani. Editha alikuwa anamvalisha mtoto. Nilitaka kusema jambo moja tu, umeona damu?, maneno mawili, mke wangu wa miaka tisa. Nikasikia masikio yanaanza kuwaka moto. Nikasikia mdomo wangu unauliza kama maji ya kuoga yapo.

Nilitoka nikakaa kwenye kibao cha karakana. Nimefanya tena. Huo ndio uoga wangu kamili, mama: kwamba nitamsalimia mwanao kila asubuhi kwa adabu nzuri mpaka siku asiponijibu.

Nikarudi ndani na grisi mikononi. Nikamwambia Editha akae. Nikamwambia habari za Alhamisi ile. Zote, na neno lenyewe nikalitamka kwa Kiha, kwa sauti, mara ya kwanza tangu nipigwe kofi. Mtoto akalirudia papo hapo.

Editha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka, akalia. Akasema, "Mama alijua."

Nikamwambia hukujua Kiswahili. Akasema ulikijua vizuri tu. Ulikuwa umeuza mihogo na ndizi miaka mingi kwenye soko la karibu na kambi ya wakimbizi, ukibishana bei na Wakongo na wafanyakazi wa kila namna. Hukukiongea mbele ya wageni kwa sababu walicheka lafudhi yako. Lakini ulimsikia sista. Ulimsikia kabla yangu. Na uliniona nilivyochuchumaa, ukaona masikio yangu, ukanisikia nikisema ndiyo.

Ndipo nikakumbuka. Daktari aliuliza kwa Kiswahili nani alisema. Ukajibu "Ni mimi" na nilikuwa sijatafsiri.

Editha akasema ulimwambia mwenyewe, wiki zile za mwisho, alipokuwa anakuogesha. Ulisema hukuweza kutamka "bado" mbele ya mkwe wako, kama vile naye alivyoshindwa kuuliza. Ulisema kikombe kilipokuja ulijua hupaswi kukinywa. Lakini ungekikataa, sista angeuliza kwa nini, na mimi ningeonekana mwongo mbele ya wakubwa, mbali na kwetu, peke yangu. Basi ukanywa. Ukamwambia Editha, "Mumeo ni mtu mzuri. Ni mwongo wa adabu tu. Usimwambie, atajisikia vibaya."

Umeninywea uji, mama. Ulinitazama vile, ukanywa, na mimi nikadhani ni njaa.

Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nimelibeba wiki tatu. Nikifunga nati nalifikiria, nikipanga spoki nalifikiria. Kama ningeuliza, kama ungesema bado, tungeona aibu dakika moja, tungeisahau kabla ya chakula cha mchana. Tungeweza hata kucheka, mimi hapa na wewe huko ndani. Ningetoa chochote nisikie ukuta huu ukinicheka.

Basi asubuhi ileile nilimwuliza Editha. Nilimwuliza neno kwa neno, nikamtazama usoni. Akasema ndiyo, miezi miwili, si nyingi, lakini ipo. Akaenda mwenyewe akalichukua kopo, akayamwaga majivu kwenye migomba.

Kesho Jumatatu tunapanda basi. Watampima kwa kamera kwanza, halafu watajua kama ni kinyama cha kung'oa au ni cha kukata kama chako. Leokadia anabaki na dada yangu. Tumekuja leo kukuaga. Editha yuko kaburini anang'oa magugu, namsikia kutoka hapa anakueleza mambo, sijui ni yapi, mimi nimewaachia faragha yenu. Naogopa, mama. Usiku nahesabu pumzi zake na simwambii. Hapana, nitamwambia. Nitamwambia leo kwenye njia ya kurudi.

Nisamehe lile la Alhamisi. Najua ulishanisamehe kwa kikombe, lakini mtu aliyekosa lazima aseme mwenyewe, hata kama ni kwa ukuta. Na nikikuomba kitu, niombee huyu mwanao kwa Mungu. Mengine niachie mimi.

Nakuahidi hivi. Ndani ya basi nitakaa naye kiti kimoja. Wakimlaza, nitasimama kichwani mwa kitanda, si mlangoni. Akirudi nyumbani sitamwachia mpini wala ndoo mpaka miezi itimie, hata akinitukana. Na sista akija asubuhi na faili, yule mnene au mwingine, akaniambia nimwulize mgonjwa, nitauliza neno lenyewe, mbele ya makoti meupe yote.

Lala salama, mama. Ukuta nimeukandika pale ulipokuwa umepasuka.

Na kama jibu ni bado, nitasema bado.

Mkweo,
Deo